MTI WAKO UNA KIU, USIUKATE BADO

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, leo jioni simameni mbele ya mti wenu wa lupango muuangalie vizuri. Tuko mwezi wa kenda. Mvua ya mwisho ilianguka mwezi wa nne. Majani ya avoka yamejikunja, ncha zake zimekuwa na rangi ya kahawa. Mlimau umemwaga majani yake chini. Mpera mdogo, ule mliopanda mwaka jana, umebaki vijiti tu. Jirani anapita, anatikisa kichwa: "Baba, huo umekwisha kufa. Ukate, mama apate kuni."

Angalisho! Mti usio na majani si lazima uwe umekufa.

Ukurasa huu umezoea kuwaambia juu ya kofia ya kazi, miwani na viatu vya chuma. Kwa nini leo tunasema juu ya mti? Kwa sababu mti wa lupango ni sehemu ya afya ya nyumba. Chini yake mtoto analala mchana, wakati mabati ya nyumba yanawaka. Majani yake yanapokea vumbi la barabara kabla halijaingia ndani ya sufuria ya bukari. Matunda yake yanakula watoto wote wa mtaa, hata wale wasioalikwa. Tena, mtu anayepanda juu ya mti mkavu na panga mkononi anatafuta ajali, na ajali ni kazi ya ukurasa huu.

Mimi ninayewaandikia nilikata wangu. Ulikuwa mti wa avoka uliopandwa na mama mkwe wangu, marehemu sasa, nyuma ya nyumba yetu ya kambi. Mwaka ule kipwa kilikuwa kikali, mti ukamwaga majani yote, na mwezi wa kumi nikachukua shoka. Mvua ikaanza. Kabla ya mwezi kwisha, kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi upande mmoja, mekundu na yenye afya. Mke wangu aliyaona kwanza. Hakusema neno, aliniita tu nije niangalie. Miaka mitatu mizima tulinunua avoka sokoni kama wageni.

Sasa, tujifunze pamoja kile ambacho mimi sikujua.

Huku kwetu, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mvua za mwaka zinafika karibu milimita 1,200. Si kidogo. Lakini karibu zote zinaanguka kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa tatu au wa nne. Baada ya hapo mti unakaa miezi sita bila kunywa. Mwezi wa sita na wa saba hakuna shida kubwa, maana ni baridi na mti unasinzia. Hatari inakuja mwezi wa kenda na wa kumi. Jua linakuwa kali, upepo unakausha, na saa ile ile mti unataka kutoa maua. Ni kama mtu aliyefunga tangu asubuhi, halafu jioni unampa koleo na kumwambia ajaze gari.

Miti haivumilii sawasawa. Mwembe ulitoka India, nchi yenye miezi mingi ya jua, na mizizi yake inashuka chini sana. Mwembe mzee unaweza kukutazama kipwa chote bila kuomba kitu. Mti wa avoka ulitoka Meksiko na Amerika ya kati. Mizizi yake inayokunywa iko karibu na uso wa udongo, tena ni myembamba. Udongo wa juu ukikauka, mizizi hiyo inakufa kwanza. Malimau na machungwa yako katikati. Mti mdogo wa aina yoyote, usiotimiza bado miaka miwili ardhini, ni mtoto mchanga, hata kama baba yake ni mwembe.

Na ile miti ya msitu wetu wa miombo, mmeiangalia? Mingi inaacha majani wakati wa kipwa. Halafu mwezi wa kenda, mvua ingali mbali, inatoa majani mapya mekundu. Haikufa. Ilifunga mlango ili maji yasitoke, kwa maana mti unapoteza maji kwa njia ya majani. Hata avoka na mlimau, miti isiyozoea kubaki uchi, inafanya hivyo ikizidiwa na kiu. Kuacha majani ni njia ya kujiokoa.

Basi, kabla ya kusema umekufa, upime. Chukua kisu kidogo, au ukucha wa kidole gumba, ukwangue ganda la kijiti chembamba. Ukiona ukijani na ubichi ndani, mti ni mzima. Ukiona ukavu wa rangi ya kahawa, kijiti hicho kimekufa, lakini kijiti tu. Shuka kwenye tawi nene, ukwangue tena. Shuka mpaka shina. Jaribu pande zote, sababu upande wa jua la saa kenda huteswa zaidi kuliko mwingine. Alama moja ya kijani chini karibu na udongo inatosha kukuzuia.

Umeona kijani? Vema. Sasa maji.

Kosa letu kubwa ni lile la kila jioni. Mama anatoka na kikombe au sahani, anamwagia shina maji kidogo, udongo unakuwa mweusi, watoto wanafurahi kwa harufu. Kesho saa nne yote yamekauka. Maji hayo hayakufika kwenye mizizi. Mabaya zaidi, yanaita mizizi midogo ipande juu kutafuta kikombe hicho, na huko juu jua linaichoma. Mti unaonyweshwa hivyo unakufa polepole, na mwenye nyumba anashangaa: "Lakini nilimwagia kila siku!"

Fanya kinyume. Nywesha mara chache, lakini nywesha sana. Usimwage kwenye shina. Angalia pale kivuli cha mti kinapoishia saa sita mchana, maana mizizi inayokunywa ni mingi upande huo. Chimba hapo mfereji mwembamba wa kuzunguka, kina cha vidole vinne tu ili usikate mizizi. Jaza maji polepole, acha yazame, jaza tena.

Kiasi gani? Kwa mti mdogo, bidoni moja ya litri 20 mara mbili kwa juma. Kwa mti wa miaka mitatu mpaka mitano, bidoni tatu au nne mara moja kwa juma. Kwa avoka kubwa, bidoni nane au kumi kila majuma mawili. Hiyo si sheria ya serikali. Udongo wa mchanga unataka mara nyingi zaidi, udongo wa mfinyanzi mara chache. Ukitaka kujua kama maji yamefika, saa chache baadaye chukua chuma chembamba cha betoni ukisukume ndani ya ardhi kwa mkono. Katika udongo wenye maji kitaingia bila shida. Kikifika kwenye ukavu kitasimama. Kikiingia urefu wa mkono toka kiwiko mpaka vidole, umenywesha vizuri. Kikisimama kwenye urefu wa kidole, umetia vumbi maji tu.

Najua mtakavyosema: "Bwana mwandishi, unasema bidoni kumi, na robine yetu inatoa maji saa nane za usiku, tena kwa matone!" Ni kweli. Watu wanakunywa kwanza, miti baadaye. Kama maji ni machache, chagua. Anza na miti midogo. Fuatisha avoka na malimau. Mwembe mzee uuache kabisa, utakusamehe. Ni heri kuokoa miti miwili kuliko kuionjesha sita.

Kuna pia hila moja nzuri. Chukua bidoni ya plastiki iliyotoboka, ile ambayo mama ameitupa, toboa tundu dogo la msumari karibu na kitako, ijaze, iweke penye ukingo wa kivuli. Maji yatatoka tone kwa tone usiku wote, hakuna hata moja litakalopotea barabarani. Lakini ifunike mdomo. Maji yaliyokaa wazi ni nyumba ya mbu, na malaria haingoji mvua kama kuna pipa wazi nyuma ya jiko.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana tunafika kwenye jambo la hatari. Wengi wetu tuna mapipa nyumbani. Yalitoka wapi? Kama pipa lilibeba dawa za kiwanda, kama zantati ya kuosha mawe ya shaba, au asidi, au mafuta ya mitambo, usitie ndani maji ya mti wala ya mtu. Hata ukilisugua mara kumi. Na maji yanayotoka mgodini au kwenye mabwawa ya mabaki ya kiwanda, hata yakionekana safi kama kioo, si ya lupango. Yanaweza kuwa na asidi na shaba nyingi. Shaba ni mkate wetu, lakini ikizidi ndani ya udongo inaunguza mizizi.

Maji ya kufua na kuoga je? Maji ya kuoga ni mazuri. Maji ya kusuuza nguo ni mazuri vilevile. Maji ya kwanza yenye povu jingi, yamwage mbali, na yale yenye javel usiyakaribishe kwenye mti. Na nguo za kazi za baba? Hizo zina vumbi la madini. Zifuliwe peke yake, katika beseni yake, zisichanganywe na nguo za mtoto, na maji yake yasiende kwenye mti wa matunda wala kwenye bustani ya lengalenga. Mama, usione haya kumwambia baba avue nguo hizo nje, kabla ya kumbeba mtoto.

Wale wanaokaa Lubumbashi upande wa kaskazini-magharibi ya bomba kubwa la moshi wanajua habari nyingine. Kiyeyusho kile kilitoa shaba yake ya kwanza mwaka wa 1911, na kwa miaka mingi upepo wa kipwa, unaotoka kusini-mashariki, ulipeleka moshi upande mmoja. Huko udongo ulibaki na shaba, risasi, zinki na vumbi jingine, hata mahali pengine hapaoti kitu. Katika Penga Penga wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kurudisha mimea kwa kutia chokaa na mbolea ya majani yaliyooza, pamoja na nyasi za asili zinazovumilia shaba. Kwa hiyo, kama unakaa upande huo na mti wako unadhoofika kila mwaka hata ukinywa, pengine kiu si ugonjwa wake wa pekee. Unapopanda mpya, chimba shimo pana na ulijaze udongo mzuri ulioletwa toka mahali safi, pamoja na mbolea. Osha matunda kabla ya kula. Osha mikono ya mtoto aliyecheza chini.

Tukisha kunywesha, tufunike. Udongo uchi unapoteza maji kama sufuria isiyo na kifuniko. Kusanya majani makavu, nyasi, maganda ya mahindi, uyatandaze chini ya mti mpaka kwenye mfereji, unene wa kiganja kilichosimama. Acha nafasi ya viganja viwili kuzunguka shina, lisiguswe. Kwa nini? Kwa sababu ya mchwa. Nani katika Katanga asiyejua mchwa! Vichuguu vyao vinashinda nyumba zetu kwa urefu, na udongo wake tunachomea matofali. Mchwa hupenda shina lililodhoofika, na ukililundikia majani umewajengea barabara. Kila juma pitia ukaangalie; ukiona njia ya udongo inapanda kwenye ganda, ipanguse.

Ndiyo maana inaniuma kuona kila asubuhi watu wanafagia majani chini ya mti na kuyatia moto palepale. Unachoma blanketi la mgonjwa mbele ya macho yake. Na yule anayemwaga majivu ya mbabula kwenye shina, makaa yangali mekundu ndani, anaua mizizi na kutega mguu wa mtoto. Majivu yapoe kwanza kwenye bati, halafu yatupwe mbali. Mbabula yenyewe ikae mbali na majani makavu, hatua kumi au zaidi, hasa siku ya upepo.

Avoka iliyopoteza majani ina shida nyingine: ganda lake halikuzoea jua, linaungua na kupasuka. Paka shina na matawi manene chokaa iliyozimwa, iliyochanganywa na maji mengi iwe kama maziwa. Weupe unarudisha jua. Lakini nasema chokaa iliyozimwa. Chokaa hai, ile inayochemka ikiguswa na maji, inaunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Usiibebe toka kazini, usiizime mwenyewe ndani ya beseni ya nyumbani. Na hata kwa ile iliyozimwa, vaa miwani na gloves zako, uwaondoe watoto. Unavaa mbele ya kapita, vaa mbele ya mke wako pia.

Usitie mbolea ya dukani wakati wa kiu. Chumvi zake zinavuta maji toka kwenye mizizi, na tena zinausukuma mti kutoa majani mapya usiyoweza kuyanywesha. Usilime chini yake. Ukiona matunda madogo yanaanguka, yaache yaanguke. Mti umepima nguvu yake mwenyewe.

Mambo haya si ya kipwa tu. Mara nyingine mvua yenyewe inakatika katikati ya mwezi wa kwanza au wa pili, na mti mdogo unakauka wakati hakuna anayeuangalia. Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 ndugu zetu wa Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, waliona mahindi yakifia shambani. Mwezi wa pili rais wao alitangaza ukame huo kuwa msiba wa taifa, na ziwa Kariba likapungua hata umeme ukakatwa saa nyingi kwa siku. Siku kumi na tano bila mvua, wakati wowote, toa bidoni.

Sasa shoka.

Nilifanya kazi na fundi mmoja wa mitambo, mtu wa akili na mwangalifu. Aliteremka chini ya ardhi miaka mingi bila kupata jeraha la kuandikwa. Siku moja ya Mungu, mchana, alipanda juu ya mwembe wake kukata tawi lililokauka. Alisimama juu ya tawi jingine alilodhani ni zima. Nalo lilikuwa limekauka ndani. Alikaa hospitali majuma mengi kwa mguu uliovunjika karibu na nyonga, na hakurudi tena chini. Kazini asingekanyaga ubao bila kuupima. Nyumbani alivaa kandambili.

Tawi lililoteswa na kiu halitoi habari. Linaweza kuanguka hata siku tulivu ya joto, bila upepo. Kwa hiyo usilale chini ya tawi lisilo na majani, usifunge hapo kamba ya watoto ya kubembea, wala usiweke meza ya kuuzia. Kama tawi liko karibu na nyaya za umeme, usiliguse kabisa, hata kwa mti mrefu wa kusukumia. Waite watu wa umeme. Na mvua ya kwanza ikija na upepo, watoto waingie ndani. Udongo unalainika ghafula, mizizi iliyokufa haishiki, na mti mzima unaweza kulala. Tena nchi yetu ni kati ya zile zinazopigwa radi nyingi duniani, na mti mrefu si mahali pa kujificha.

Ngoja basi mpaka katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Mvua itakuwa imenyesha zaidi ya mwezi, na kila tawi zima litakuwa limetoa majani. Lile lisilo na jani hata moja siku hiyo, likwangue mara ya mwisho. Kama ni kavu, likate kwa msumeno, si kwa panga, wewe ukiwa umesimama chini au kwenye ngazi iliyoshikwa na mtu wa pili, watoto wakiwa mbali. Tawi nene likatwe kwanza upande wa chini, theluthi ya unene wake, ndipo upande wa juu, lisije likachuna ganda la shina. Kama mti wote umekufa, ung'oe na kisiki chake, maana kisiki kilichooza kinakaribisha mchwa kwenye nyumba, na upande mwingine mwezi huo huo, hatua chache toka shimo la kwanza, mizizi ipate miezi mitatu ya mvua kabla ya kipwa kinachofuata.